Mafaili Mawili ya Samastipur

Jioni ya tarehe 2 Januari 1975, Waziri wa Reli wa India, Lalit Narayan Mishra, alifika stesheni ya Samastipur, kaskazini mwa jimbo la Bihar, kuzindua njia ya reli ya geji pana kwenda Muzaffarpur. Alihutubia, akamaliza, na alipokuwa anashuka jukwaani bomu likalipuka. Asubuhi iliyofuata alifariki katika hospitali ya reli ya Danapur, jirani na Patna. Watu wengine wawili waliuawa na mlipuko huo, na miongoni mwa majeruhi alikuwamo mdogo wake, Jagannath Mishra, aliyekuwa mwanasiasa wa jimbo hilohilo. Lalit Narayan Mishra akawa waziri wa kwanza wa baraza la mawaziri la India huru kuuawa akiwa madarakani. Hukumu ya mauaji hayo ilitolewa Delhi mwezi Desemba 2014, karibu miaka 40 baadaye: wafuasi watatu wa jumuiya ya kidini iitwayo Ananda Marga na wakili mmoja walitiwa hatiani wakafungwa maisha. Kwa kawaida hukumu humaliza ubishi. Hii haikuumaliza, na wa kwanza kuikataa wamekuwa watu wa ukoo wa marehemu mwenyewe. Watu husema siri ya Samastipur imedumu kwa sababu ushahidi ulikuwa haba. Mimi naona haikuwa hivyo. Ushahidi ulikuwapo, tena wa kutosha kujaza mafaili mawili. Ila mafaili hayo yalikuwa ya vikosi viwili vya upelelezi vilivyokuwa vikishindana, kila kimoja kikiwa na bwana wake serikalini, na kwa miaka yote iliyoamua kesi hapakupatikana chombo kisicho cha upande wowote cha kuyaweka yote mawili kwenye mizani moja.

Kuielewa kesi kunataka kwanza kuielewa Bihar ya wakati ule. Mwezi Machi 1974 wanafunzi wa Patna waliingia barabarani kupinga ufisadi na ughali wa maisha, na mzee Jayaprakash Narayan, mpigania uhuru aliyeheshimiwa kote nchini, akakubali kuwaongoza. Mwezi Mei wafanyakazi wa reli wakiongozwa na George Fernandes waligoma kwa takriban majuma matatu, na serikali ya Waziri Mkuu Indira Gandhi ikawavunja nguvu kwa kuwakamata maelfu. Waziri aliyekabiliana na mgomo huo ni Mishra. Ndiye pia aliyejulikana kuwa hodari wa kukusanya fedha za chama tawala cha Congress, na mwishoni mwa mwaka huohuo Bunge lilichafuka kwa kashfa ya leseni za kuingiza bidhaa, ambamo saini za wabunge zilighushiwa na jina la Mishra likatajwa tena na tena. Mtu wa namna hiyo alikuwa na maadui wengi wa aina nyingi: waliofukuzwa kazi, wapinzani wa kisiasa, washindani ndani ya chama chake, na wale waliohofia ataropoka nini siku akibanwa. Mpelelezi yeyote aliyetaka sababu ya mauaji haya asingeikosa. Ugumu ulikuwa kuchagua, na katika kuchagua ndipo mkono wa mtu huonekana.

Jambo la kwanza kuzua shaka lilikuwa safari ya majeruhi. Mji wa Darbhanga, wenye hospitali ya chuo cha udaktari, uko kilomita 40 hivi kutoka Samastipur. Waziri hakupelekwa huko. Alipakiwa kwenye treni hadi Danapur, na anayeijua ramani ya Bihar ataona mara moja maana yake. Mwaka 1975 daraja kubwa la barabara la Patna juu ya mto Ganges lilikuwa bado halijafunguliwa, kwani lilifunguliwa mwaka 1982. Treni iliyotoka kaskazini ililazimika kuteremka mashariki hadi daraja la Mokama ndipo irudi magharibi. Kwa mtu anayetoka damu, saa zile zilikuwa uhai wenyewe. Wapo waliosema ni njama. Mimi siioni njama humo peke yake, maana viongozi wa reli waliokuwa pale walikuwa na treni mkononi na hospitali yao Danapur, na mtu aliyeshtuka hukimbilia anachokijua. Lakini shaka hiyo ilizaliwa usiku uleule, kabla kachero yeyote hajaandika mstari mmoja, ikawafanya wananchi wasiwe tayari kuamini maelezo rahisi.

Upelelezi ulianzia mikononi mwa polisi wa Bihar, kama sheria ya India inavyotaka, kwa kuwa polisi ni mamlaka ya jimbo. Kisha ukahamishiwa CBI, idara ya upelelezi ya serikali kuu. Wapelelezi wa Bihar walikuwa wamewafikia vijana wawili wa eneo hilo, na maungamo waliyotoa yaliuelekeza upelelezi kwenye siasa za jimbo, si kwenye dini. CBI iliiacha njia hiyo. Vijana wale wakaachiwa, na kabla mwaka haujaisha hati ya mashtaka ikawa juu ya wafuasi wa Ananda Marga. Jumuiya hiyo ilianzishwa mwaka 1955 katika mji wa Jamalpur, Bihar, na Prabhat Ranjan Sarkar, karani wa reli ambaye wafuasi wake walimwita Anandamurti. Tangu Desemba 1971 Sarkar alikuwa kizuizini kwa tuhuma za kupanga mauaji ya watu waliojitoa katika jumuiya yake. Kwa mujibu wa CBI, watawa walikusudia kuitisha serikali kwa damu ili imwachie kiongozi wao. Hayo ndiyo mafaili mawili. Moja lilisema Mishra aliuawa kwa sababu ya siasa za nyumbani kwake. La pili lilisema aliuawa na watu waliokuwa wakidai mtu ambaye yeye mwenyewe hakumfunga. Haiwezekani yote mawili yawe kweli.

CBI ya mwaka 1975 ilikuwa chombo cha namna gani? Mizizi yake ni kikosi maalumu cha polisi kilichoundwa na Waingereza mwaka 1941 kufuatilia rushwa katika ununuzi wa vita, kikapewa sheria yake mwaka 1946, na tarehe 1 Aprili 1963 kikapanuliwa kwa azimio la serikali na kuitwa CBI. Kifungu cha 6 cha sheria ile ya 1946 kinasema kikosi hiki hakiwezi kufanya kazi ndani ya jimbo bila ridhaa ya serikali ya jimbo hilo. Kwa hiyo tangu mwanzo taifa hili liliweka vikosi viwili vya upelelezi juu ya ardhi moja, kimoja kikiingia kwa hodi. Kufikia 1975 CBI iliwajibika kwa idara iliyokuwa chini ya Waziri Mkuu mwenyewe. Namna hali hiyo ilivyotumika hatuhitaji kuibuni, kwani Tume ya Jaji J. C. Shah, iliyochunguza uovu wa kipindi cha hali ya hatari cha 1975 hadi 1977, ilieleza jinsi idara hiyo ilivyotumwa dhidi ya maofisa wa serikali ambao kosa lao lilikuwa kukusanya taarifa za kujibu swali la Bunge kuhusu kampuni ya magari ya mtoto wa Waziri Mkuu. Hilo halithibitishi kwamba faili la Samastipur lilibuniwa. Linathibitisha kwamba wananchi walikuwa na haki ya kuliuliza maswali.

Ushahidi wenyewe haukubadilika sana baada ya mwaka wa kwanza, lakini hatima ya mafaili ilibadilika kila madaraka yalipobadilika. Mwezi Aprili 1975 Jagannath Mishra, yule mdogo wa marehemu aliyejeruhiwa naye, akawa Waziri Mkuu wa jimbo la Bihar kwa tiketi ya Congress. Mwezi Juni ikatangazwa hali ya hatari, kisha Ananda Marga ikapigwa marufuku. Faili la Bihar likalala. Machi 1977 Congress ikashindwa uchaguzi. Mwaka huohuo mjane wa Mishra alimwandikia Waziri wa Mambo ya Ndani, Charan Singh, akisema watawa hawakumuua mumewe na akaomba wahusika wa kweli watafutwe. Mwaka 1978 Mahakama Kuu ya Patna ikamwachia huru Sarkar katika kesi iliyomfunga. Serikali mpya ya jimbo chini ya Karpoori Thakur ikamwomba V. M. Tarkunde, jaji mstaafu wa Mahakama Kuu ya Bombay na mtetezi maarufu wa haki za raia, aipitie kesi, na taarifa yake ya mwaka 1979 ikasema watawa walibambikiwa. Mwezi Desemba 1979, kwa maombi ya serikali kuu, Mahakama ya Juu ikaitoa kesi Bihar na kuihamishia Delhi. Januari 1980 Indira Gandhi akarudi madarakani. Anayepanga tarehe hizi kwa mstari hakuti alama mpya ya kidole wala bomu jipya katika mgeuko wowote. Anakuta uchaguzi, barua na uteuzi. Mwamba ngoma huvutia kwake, na kila serikali iliwamba ngoma yake.

Hapa msomaji makini atanisimamisha, na pingamizi lake ni zito. Kama mafaili yalifuata mabwana, mbona CBI haikuifuta kesi kati ya 1977 na 1979, ilipokuwa chini ya serikali ya Janata, wapinzani wakubwa wa Indira Gandhi, ambao baadhi yao nao walifungwa wakati wa hali ya hatari? Pingamizi hili linailazimisha hoja yangu ijirekebishe, nami nairekebisha. Bwana wa faili hakuwa mwanasiasa peke yake. Idara ikishatia saini hati ya mashtaka, hati ile inakuwa heshima ya idara. Kuirudisha ni kukiri mbele ya jimbo lililoporwa kesi kwamba maofisa wa Patna waliona sawa, na maofisa wa Delhi wakakosea. Serikali ya Janata nayo ilijaa viongozi waliokuwa wakigombana wenyewe kwa wenyewe, na haikudumu miaka mitatu. Kwa hiyo ushindani wa vikosi uliweza kujiendesha hata pale mwanasiasa aliyeuanzisha alipoondoka. Hili linanifanya nione tatizo kuwa kubwa zaidi ya nilivyoliweka mwanzo, kwa sababu mwanasiasa huondolewa kwa kura, lakini fahari ya idara haina uchaguzi.

Pingamizi la pili linasema hivi: mahakama ilisikiliza mashahidi zaidi ya 200, upande wa utetezi ulipata nafasi ya kueleza habari za vijana wale wawili, na jaji akaamua. Nani amempa mwandishi wa makala kiti cha juu kuliko jaji? Sitaki kiti hicho. Tena nakiri kuna jambo linaloipa nguvu CBI, na wanaotetea watawa hulipita haraka mno. Tarehe 20 Machi 1975, miezi miwili na nusu baada ya Samastipur, maguruneti yalirushwa jijini Delhi kwenye gari la Jaji Mkuu wa India, A. N. Ray. Hayakulipuka. Watatu kati ya waliokuja kutiwa hatiani kwa Samastipur walitiwa hatiani pia kwa shambulio hilo, mwaka 1976. Anayesema watawa hawakuwa na silaha wala nia lazima aeleze jambo hilo. Hata hivyo, mwaka uleule wa 2014 Mahakama Kuu ya Delhi iliwaacha wawili na hatia yao katika shambulio la jaji, na ikamwachia huru wa tatu, yule wakili. Miezi michache baadaye wakili huyohuyo akahukumiwa kifungo cha maisha kwa Samastipur. Zaidi ya hapo, shambulio la Delhi linaonyesha watu walichoweza kukifanya mwezi Machi. Halionyeshi nani alikuwa kwenye stesheni ya Samastipur tarehe 2 Januari.

Kwa swali hilo mashtaka yaliegemea sana maneno ya washiriki waliogeuka mashahidi wa serikali kwa ahadi ya msamaha. Wanasheria wa Afrika Mashariki hawahitaji kufundishwa hatari ya ushahidi huo, kwa kuwa kanuni zetu zimetoka kisima kimoja: Sheria ya Ushahidi ya India ya mwaka 1872 ilitumika Kenya, Uganda, Zanzibar na Tanganyika enzi za ukoloni, na Sheria ya Ushahidi ya Tanzania ya 1967 ilijengwa juu ya msingi wake. Sheria ile ya India ilikataa ungamo lililotolewa kwa polisi lisitumike kumfunga aliyelitoa, na desturi ya mahakama ni kudai neno la mshiriki liungwe mkono na ushahidi mwingine huru. Kama maungamo ya vijana wa Bihar yalikuwa dhaifu kwa sababu yalitoka kwa watu walio mikononi mwa polisi, basi maneno ya washiriki waliosamehewa yalitoka kwa watu walio mikononi mwa polisi wengine. Udhaifu wa aina moja unastahili kupimwa kwa mizani moja. Mahakama ya Delhi iliyapima maneno ya CBI kama mashtaka, yenye wakili wa serikali, mashahidi walioitwa kwa hati na vielelezo vilivyotunzwa. Habari za Bihar iliziona kama utetezi tu, miaka mingi baadaye, zikitolewa na washtakiwa wasio na kikosi cha upelelezi cha kuwatafutia mashahidi. Jaji hawezi kulaumiwa kwa hilo, kwani huamua alicholetewa. Lakini kuamua alicholetewa si sawa na kuyapima mafaili mawili kama yaliyo sawa.

Wapo pia wanaolaumu muda. Wanasema kesi iliharibiwa na ucheleweshaji wa mahakama na mbinu za washtakiwa, ambao waliomba ahirisho juu ya ahirisho, na kwamba ushindani wa makachero hauhusiki. Ni kweli majaji zaidi ya 20 walipokezana kesi hii, na mshtakiwa mmoja alikufa akiisubiri. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ilikataa ombi la kuifuta kwa sababu ya urefu wake, ikiona kwamba urefu peke yake hautoshi kuwaachia watuhumiwa wa kosa kubwa hivyo. Wakili aliyetajwa alikuwa kijana kesi ilipoanza, na alikuwa mzee ilipokwisha. Lakini tujiulize muda ulitoka wapi. Miaka minne ya mwanzo, wakati kumbukumbu za mashahidi zilikuwa mbichi, iliishia katika kubishana ni Patna au Delhi yenye haki ya kuendesha shauri, na ni taarifa ipi iaminiwe. Mashtaka yalisomwa rasmi miaka ya themanini ilipokwisha kuanza. Ahirisho la mwaka 1990 lina ubaya wake, lakini lilikuta kesi imekwisha kuvunjika miguu.

Kuna wengine wanaosifu ushindani wenyewe. Kachero mmoja akiwa peke yake, wanasema, hana wa kumkosoa; wawili husahihishana. Kwa kanuni nakubali kabisa, na ndiyo maana sisemi India ingefanya vyema kubaki na kikosi kimoja. Hata Tarkunde asingekuwa na la kuandika kama polisi wa Bihar wasingefuata njia yao wenyewe. Ushindani ulileta maarifa. Kilichokosekana ni mahali pa kuyapeleka. Tume ya Jaji K. K. Mathew, iliyoundwa baada ya mauaji, ingeweza kuwa mahali hapo, lakini ilifanya kazi yake ndani ya kivuli cha hali ya hatari, magazeti yakikaguliwa na wapinzani wakiwa gerezani. Tarkunde alikuja na uhuru wa nafsi, ila alitumwa na serikali ya jimbo, yaani na upande mmoja wa ugomvi, na taarifa yake haikuwa na nguvu ya kumwita shahidi yeyote mahakamani. Kila aliyepewa mamlaka alipewa na mshindani mmoja.

Mwaka 1997, katika shauri la Vineet Narain, Mahakama ya Juu ya India iliagiza mkurugenzi wa CBI awe na uhakika wa kukaa kazini angalau miaka miwili na usimamizi wa idara uwekwe mbali kidogo na mawaziri. Agizo hilo lilimlinda mkurugenzi. Kifungu cha 6 hakikuguswa, na miaka ya karibuni majimbo kadhaa yaliyokuwa yakitawaliwa na wapinzani, yakiwamo West Bengal na Kerala, yaliondoa ridhaa yao ya jumla kwa CBI. Mwaka 2020 polisi wa Bihar na polisi wa Mumbai walivutana hadharani juu ya kifo cha mwigizaji mmoja wa filamu hadi Mahakama ya Juu ilipoiidhinisha CBI. Na kesi ya Samastipur haijazikwa: waliofungwa walikata rufaa Mahakama Kuu ya Delhi, na mjukuu wa Lalit Narayan Mishra, ambaye ni mwanasheria, amekwenda mahakamani akitaka kifo cha babu yake kichunguzwe upya. Wanaompinga husema mashahidi wamekufa na hakuna jipya la kupata. Anachokiomba kinaweza kuanza bila shahidi mpya hata mmoja, kwa kuyasoma upya na kwa pamoja maelezo waliyoandika wapelelezi wa Bihar na yale waliyoandika wapelelezi wa CBI katika majuma ya mwanzo ya 1975, kabla serikali yoyote haijajua ni faili lipi litakuwa lake.